Nyumba za Udongo Zilizopita Miaka 400

Mtu akitaja nyumba ya udongo, wengi wetu hufikiri nyumba ya kukaa miaka kumi, kisha ibomoke. Lakini katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, wako watu wanaokaa hata leo katika nyumba za udongo zilizojengwa kabla ya mwaka 1600.

Udongo ulichanganywa na maji na mabua, ukakanyagwa kwa miguu ya watu au ya ng'ombe mpaka ukashikamana. Ndipo fundi alipoupandisha kwa uma wa shambani juu ya msingi wa mawe, bila nguzo wala fito. Kila tabaka liliachwa likauke majuma kadhaa kabla ya kuongezwa jingine. Haikuwa kazi ya mwenye haraka. Kuta zilipata unene wa futi 2 hata 3. Paa liliezekwa kwa mabua ya ngano, na penu zake zilitokeza sana ili mvua isiupige ukuta. Wenyeji husema kwamba ukuta wa udongo wataka viatu vizuri na kofia nzuri.

Nyumba za kale zaidi hazikuwa na dohani. Moto uliwashwa sakafuni, katikati ya chumba kikubwa, nao moshi ukajipenyezea darini. Katika baadhi yake mabua yaliyojaa masizi ya zama hizo yangali chini ya mabua mapya.

Upande wa mashariki, kama katika kijiji cha Lavenham, Suffolk, walifuata njia ambayo msomaji aijua vema: nguzo, nazo za mwaloni, fito katikati, na udongo wenye samadi ya ng'ombe kukandikwa juu. Lavenham ilitajirika kwa nguo za sufu. Biashara hiyo ilipoanguka, watu walikosa fedha za kujenga nyumba mpya, na ufukara huo ndio uliozihifadhi zile za kale.

Utajiri, kwa upande wake, ulileta hasara. Katika karne ya 20 wengi walizipiga saruji nyumba zilizokuwa zimepakwa chokaa, wakidhani wanaziimarisha. Chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Maji yakiingia kwa ufa mdogo hayana pa kutokea, udongo hulainika, na kwa nje ukuta waonekana mzima mpaka siku unapoanguka. Sasa mafundi hubandua saruji ile kidogo kidogo, huungoja ukuta ukauke, kisha huupaka chokaa tena.