Konokono Hajali Kama Una Digrii

Wasee, leo nina hasira, na hasira yenyewe imeletwa na konokono.

Juzi mvua ilinyesha hapa Garissa usiku mzima. Asubuhi nikashika simu, nikashuka upande wa mto Tana. Kwenye ua wa miiba nikakuta konokono wamejaa, wengine wadogo kama punje ya mchele. Kiangazi chote walikuwa wamejificha ndani ya magamba yao, wameziba mlango kwa ute uliokauka, wakingoja siku kama hiyo. Nikarekodi, nikaposti.

Komenti zikaanza. "Warya, umekosa kazi?" "Toa uchafu hapa." Hizo nilicheka tu. Iliyoniuma ni hii: "Wacha wazungu wakuje wagundue, hiyo ni kazi ya watu wa PhD." Na ndiyo iliyopata like nyingi kuliko zote.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikarudi nyumbani, sikurudi tena darasani. Kwa hivyo komenti hiyo ilikuwa yangu kabisa. Sasa mimi pia najibu.

Kwanza, sijasema konokono wangu ni spishi mpya. Lakini hebu tuulizane: ni nani anaruhusiwa kumpa kiumbe kipya jina? Kuna Kanuni ya Kimataifa ya kutoa majina ya wanyama, na dunia nzima ya sayansi inaifuata. Inataka nini? Inataka jina lenye sehemu mbili, kwa herufi za Kilatini. Inataka maelezo ya jinsi mnyama huyo anavyotofautiana na wengine. Inataka kielelezo kimoja halisi kinachoteuliwa kuwa ndicho kinachobeba jina, kinaitwa holotaipu, na useme kimehifadhiwa wapi. Inataka hayo yote yachapishwe, na tangu 2012 hata jarida la mtandaoni linakubalika likisajiliwa vizuri.

Digrii? Hakuna mahali imeandikwa lazima uwe na digrii.

Na si maneno matupu. Mmoja wa watu waliotoa majina mengi ya konokono wa Afrika Mashariki ni Bernard Verdcourt. Kazi yake ya mshahara ilikuwa mimea. Alifanya kazi Nairobi kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa, baadaye akaenda Kew, Uingereza. Konokono alikuwa anawashughulikia pembeni, kama wewe unavyocheza mpira jioni. Leo huwezi kusoma konokono wa Kenya bila kukutana na jina lake.

Mtaniambia, "Sasa jina linasaidia nini? Watu wana njaa." Sawa. Nimekulia hapa. Niliona mvua zikikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, na mizoga ya ng'ombe kando ya barabara. Siwezi kumwambia mama aliyepoteza mbuzi wote aanze kupenda konokono. Lakini wewe unayeniandikia hivyo ukiwa na bando na chai mkononi, usijifiche nyuma ya mama huyo.

Jina linasaidia hivi. Orodha za viumbe walio hatarini hupangwa kwa majina. Kiumbe asiye na jina haingii kwenye orodha, na tingatinga likija kusafisha kichaka, hakuna karatasi ya kulizuia. Tangu mwaka 1500, kati ya wanyama ambao kutoweka kwao kumeandikwa, kundi la konokono na jamaa zake ndilo limepoteza spishi nyingi zaidi. Si tembo, si faru. Na hao ni wale waliokuwa na majina. Wasio na majina wanakufa kama hawakuwahi kuishi.

Sasa tuongee kuhusu wazungu, kwa sababu mnawapenda sana. Swala wetu wa hapa, yule Wasomali tunamwita arawla na hifadhi ya Arawale ikachukua jina lake, ndiye hirola. Wamebaki chini ya 500. Kwa sayansi anaitwa hunteri. Kwa nini? Kwa sababu mwindaji Mwingereza aliyeitwa Hunter alimpata huku mto Tana, na 1889 Sclater akachapisha jina London. Garanuug naye, dunia nzima inamwita kwa neno letu la Kisomali, lakini kwenye karatasi za sayansi ni walleri, jina la Mwingereza mwingine.

Inauma? Inauma. Babu zetu walimjua arawla kabla babu yake Hunter hajazaliwa. Lakini Kanuni inasema jina lililochapishwa kwanza ndilo linabaki. Hunteri haondoki, hata tulie mpaka asubuhi. Wakati ule meli, bunduki na majarida vyote vilikuwa mikononi mwao. Kisingizio hicho mwaka huu hakina miguu.

Ndiyo maana nasema konokono. Wanyama wakubwa karibu wote wameshapewa majina. Konokono wadogo bado. Wataalamu wanaendelea kuelezea spishi mpya Afrika Mashariki, na huku kwetu ni wachache wanaopita, kiasi kwa sababu ya usalama. Msitu wa Boni umekuwa uwanja wa operesheni ya jeshi tangu 2015. Majina bado yako wazi. Swali ni nani atayaandika.

Na msiniambie haiwezekani. 2010 watafiti walitangaza kwamba kamera zilizotegwa msitu wa Boni na Dodori zimenasa sengi mkubwa asiyefanana na wanaojulikana. 2021 akapewa jina kama nususpishi, na mwandishi wa kwanza wa makala hiyo alikuwa Mkenya, Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2020, sengi wa Kisomali, ambaye sayansi ilikuwa haijamwona kwa miaka kama 50, alithibitishwa kuwa yuko Djibouti. Watu wa huko walikuwa wanamwona siku zote. Mtafiti wa Djibouti, Houssein Rayaleh, alikuwa kwenye timu. Jenasi yake mpya ikaitwa Galegeeska. Geeska, wallahi! Pembe, kama Geeska Afrika. Neno la Kisomali limekaa kwenye sayansi, na hakuna atakayelitoa.

Halafu mnaniambia kutofautisha viumbe si kazi yetu? Nyumbani kwetu ngamia si ngamia tu. Kuna hal, kuna awr wa mizigo, kuna baarqab, dume la mbegu, kuna qaalin, kuna nirig. Mchungaji anamjua ngamia wake kwa nyayo mchangani, halafu ashindwe kuona kwamba konokono huyu ana meno mdomoni mwa gamba na yule hana? Macho tunayo. Tunachokosa ni kuandika.

Kwa hivyo usibebe wanyama kwenye mfuko wa plastiki, kukusanya vielelezo kunahitaji kibali na mtu wa makumbusho anayejua kuvihifadhi. Lakini picha haihitaji kibali. Piga gamba juu, chini na mdomoni, weka sarafu kando ionyeshe ukubwa. Andika mahali na tarehe. Weka kwenye iNaturalist ambapo wataalamu wanapita. Video yenye "maajabu ya dunia" bila mahali wala tarehe ni kelele tu, na mimi mwenyewe nimeposti nyingi za aina hiyo.

Na nyinyi wa kaunti na vyuo, Garissa, Wajir, Mandera: nataka kabati moja la vielelezo hapa mjini, na mtoto wa sekondari aruhusiwe kulifungua. Asilazimike kupanga viza ya London ili aone konokono wa kwao.

Leo asubuhi nimerudi kwenye ule ua. Jua limeshakuwa kali, wameanza kujifungia tena. Ukitaka kunitusi kwenye komenti, karibu. Lakini taja mtaa wako, na uniambie umehesabu konokono wa aina ngapi.