Simu Mkononi, Mgonjwa Kitandani



Wazee walisema: Ulimi hauna mfupa. Siku hizi hata kidole hakina haya: kinagusa simu mara moja, na neno limekwisha kufika nyumba mia.

Tukumbuke yaliyotupata katika Kivu ya Kaskazini. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Ulipotangazwa mwisho wake, tarehe 25 Juni 2020, watu 2.287 walikuwa wamekufa. Ugonjwa uliua, na uongo ukausaidia. Katika WhatsApp na Facebook watu waliambiana kwamba Ebola ni biashara ya wakubwa, na kwamba chanjo ndiyo inayoua. Basi wengine wakaficha wagonjwa wao, wakaosha maiti kwa mikono mitupu, na kumbe ndiyo njia ya ugonjwa ule. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Aprili, daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kutusaidia, aliuawa kwa risasi huko Butembo. Hatusemi kwamba simu ilimwua. Twasema kwamba uongo uliwafundisha wengi kumwona mganga kuwa adui.

Mwaka 1976, katika hospitali ya misioni ya Yambuku, sindano zilitumiwa tena na tena, na wafanyakazi 11 kati ya 17 wakafa. Wale hawakuujua ugonjwa. Sisi tumefundishwa, tutajitetea kwa neno gani?

Je, tuitupe simu? Hasha. Huko Beni waliopona waliwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa: simu na ipeleke ushuhuda wao. Muuguzi wa kijijini naye aweza kumwuliza daktari aliye mbali. Lakini asipige picha ya mgonjwa na kuitawanya, kwa maana mwili wa mgonjwa ni amana, si kitu cha kutazamwa sokoni.

Enyi wazazi, nanyi wanafunzi, kabla ya kupeleka habari ya ugonjwa jiulizeni: Nani aliyeisema? Muuguzi wetu anaikubali? Naweza kuisema mbele ya kitanda cha mgonjwa? Kama sivyo, ifutwe. Amri ya nane yakataza kusema uongo. Haikusema kwamba uongo wa kidole umeruhusiwa.