Shombo Baada ya Tendo la Ndoa

Mwezi huu tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona, tena kwa shoga mmoja tu anayeaminika. Mama hana muwasho wala maumivu, anaoga vizuri, mchana kutwa yuko salama. Lakini akishakutana na mumewe, dakika chache baadaye inasikika harufu kama shombo ya samaki. Mume naye anaisikia. Hapo maneno huanza: "Mbona uko hivi? Umetoka wapi?" Mama, kwa aibu, anakimbilia bafuni na kipande cha sabuni.

Zipo nyumba zilizoingiwa na fitina kwa sababu ya harufu hii, na mara nyingi hapakuwa na mkosaji.

Uke wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa una uchachu wake wa asili. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, kinachoanzia 0 mpaka 14. Maji safi yako katikati, kwenye 7. Vitu vichachu kama ndimu viko chini ya hapo. Magadi na sabuni viko juu. Uke wenye afya huwa kati ya 3.8 na 4.5, karibu sawa na maziwa ya mgando. Wala si ajabu, maana kazi hiyo hufanywa na vijidudu viitwavyo laktobasili, ambavyo ni jamaa ya vile vinavyogandisha maziwa. Daktari wa Kijerumani, Albert Döderlein, alivieleza mwaka 1892. Hula sukari inayotoka katika kuta za uke na kutengeneza asidi, na asidi hiyo huwazuia wavamizi.

Shahawa ni kinyume chake. pH yake ni kama 7.2 mpaka 8, na inafaa iwe hivyo, kwa kuwa mbegu za kiume hufa upesi mahali pachachu. Kwa hiyo mume anapomaliza, uchachu wa mke hupunguzwa papo hapo. Watafiti waliopima jambo hili na kulichapisha mwaka 1973 waliona pH ikipanda kutoka 4.3 hadi 7.2 katika sekunde chache tu. Kwa mwanamke mwenye laktobasili za kutosha, uchachu hurudi wenyewe baada ya saa kadhaa bila yeye kufanya lolote. Damu ya mwezi nayo hupunguza uchachu kwa namna hiyo hiyo, ndiyo maana wengine husikia shombo baada ya siku zao.

Basi shombo hutoka wapi? Laktobasili zikipungua, vijidudu vingine huongezeka, kimojawapo kikiwa Gardnerella vaginalis, kilichopewa jina la Daktari Herman Gardner wa Marekani aliyekieleza pamoja na Charles Dukes mwaka 1955. Hali hii madaktari huiita vajinosisi. Vijidudu hivyo hutoa kemikali zinazoitwa amini. Penye uchachu amini hutulia, lakini uchachu ukiondoka huruka hewani, na hapo pua hupata habari. Hata maabara hutumia njia hiyo: mtaalamu hudondoshea ute wa mgonjwa tone la dawa isiyo na uchachu kabisa, kisha hunusa. Shahawa za mume hufanya nyumbani kile ambacho tone lile hufanya maabara. Harufu ilikuwapo imejificha, na tendo la ndoa likaifichua. Kwa sababu hiyo shombo peke yake haiwezi kuwa ushahidi wa uzinzi wa mtu yeyote.

Sasa turudi kwenye ile sabuni. Sabuni ya kipande ina pH ya 9 au 10. Mama anayeiingiza ndani ya uke anaondoa uchachu uliobaki, anazoa na laktobasili chache zilizosalia, na wiki ijayo shombo inarudi kwa nguvu zaidi. Naye anaongeza sabuni! Ndimu haisaidii, huunguza. Shabu, Dettol na vile vidonge vya kubana uke vinavyouzwa kwa siri hukausha na kuchubua. Hata mtindi, pamoja na sifa nilizoupa hapo juu, mahali pake ni kwenye kikombe. Najua baadhi yetu tulifundishwa na wakubwa wetu kuingiza kidole na kusafisha mpaka ndani, nasi tukaona ndio usafi wenyewe. Lakini huko Mombasa wanawake waliokuwa katika biashara ya ngono walifuatiliwa kwa miaka 10, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006: waliojiosha ndani ya uke waliambukizwa virusi vya UKIMWI zaidi ya wasiojiosha, na waliotumia sabuni ndio walioambukizwa zaidi. Osha nje tu, kwa maji. Ndani panajisafisha penyewe.

Vajinosisi hutibiwa, kwa kawaida kwa metronidazoli ya siku 7. Usinunue dawa kwa kubahatisha, maana uchafu wenye harufu una sababu nyingine pia. Trikomonasi nayo hupandisha pH na kutoa harufu, na hiyo huambukizwa kwa kujamiiana. Lazima mume na mke watibiwe pamoja. Fangasi ni tofauti: muwasho mkali na uchafu mweupe mzito, lakini uchachu hubaki kama kawaida na shombo hakuna. Anayetumia dawa ya fangasi kutibu shombo anapoteza fedha.

Kinachowachosha akina mama ni kupona leo na kuugua tena baada ya miezi miwili. Kwa muda mrefu madaktari walimtibu mke peke yake. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliofanyika Australia, wa wenzi ambao kila mmoja hakuwa na mtu mwingine. Pale wanaume walipomeza metronidazoli na kupaka krimu ya klindamaisini uumeni kwa siku 7, wanawake 35 katika kila 100 walirudiwa ndani ya wiki 12. Pale alipotibiwa mke tu, walirudiwa 63. Kumbe vijidudu hivi hukaa pia kwenye ngozi ya mwanamume. Mapema zaidi, mwaka 2009, utafiti wa Rakai, Uganda, ulionyesha kwamba wake wa wanaume waliotahiriwa walipata vajinosisi kidogo kuliko wengine. Kwa hiyo kama tatizo linarudi, mwombe mumeo mwende pamoja kwa daktari, mkaulize juu ya matibabu ya wote wawili. Katika muda wa dawa pumzikeni, au tumieni kondomu, ambayo pia huzuia shahawa zisiguse uke.

Mama mjamzito mwenye shombo asingoje, aseme kliniki, kwani vajinosisi huhusiana na kuzaa kabla ya wakati. Na mama aliyekoma hedhi ajue kwamba uchachu wake hupungua kwa sababu homoni zimepungua. Uke huwa mkavu na tendo la ndoa huuma. Hilo lina dawa yake. Asivumilie kimya akidhani ni uzee tu.