Mwezi Ulalao Kama Mtumbwi

Twasikitika kila tuonapo daftari ya mtoto wa Ifakara ambaye ameuchora mwezi mchanga umelala chali, pembe zote mbili juu, na mwalimu akatia alama ya kosa. Mwalimu amefuata picha ya kitabu, ambamo mwezi umesimama wima kama mundu ulioegemezwa ukutani. Lakini mtoto ndiye aliyeutazama mwezi.

Picha ile si uongo. Ni mwezi wa Ulaya. Mji wa London uko nyuzi 51 kaskazini ya Ikweta, na huko jua hutua kwa mshazari, hata mwezi mchanga huwa kando yake. Ifakara iko nyuzi 8 tu kusini ya Ikweta. Kwetu jua hushuka karibu wima, na mwezi hubaki juu yake. Basi, kwa kuwa mwezi hauna nuru yake wenyewe bali huangazwa na jua, upande wa chini ndio ung'aao, nao waonekana kama mtumbwi wa wavuvi wa Kilombero.

Tena mtumbwi huo haulali sawasawa mwaka mzima. Juni na Desemba hutulia. Machi pembe zake huelekea kaskazini, na Septemba kusini. Mtu akituambia kwamba mwezi umeinama ili kumwaga mvua ya masika, twamjibu kwa upole: huinama hivyo kila Machi, mvua ije nyingi au ije haba. Asiyapangie mashamba yake ya mpunga kwa ishara hiyo.

Twawasihi walimu: jioni ya tatu au ya nne baada ya mwezi kuandama, tokeni na watoto, mwelekee magharibi, kila mmoja na kalamu yake ya risasi. Wachore kwanza waonacho, ndipo kitabu kifunguliwe. Watazame pia ile sehemu ya mwezi isiyoangazwa, ionekanayo kwa mwanga hafifu. Hiyo ni nuru ya jua iliyoipiga dunia yetu, ikarudishwa mwezini. (Jambo hili hata watu wazima wengi hawajaliona, ingawa halitaki chombo chochote.)

Nyumba yenye darubini, hata iwe ndogo, na ingoje siku ya saba hivi, iielekeze penye mpaka wa nuru na giza. Hapo vivuli ni virefu, na milima na mashimo hudhihirika. Mwezi mpevu, ambao wengi huukimbilia, haufai sana, kwani jua huupiga usoni na vivuli hutoweka. Lakini jua liwe limekwisha kuzama kabisa kabla ya darubini kutolewa, maana mtu alitazamaye jua kwa darubini aweza kupofuka.

Na mwezi ukaribiapo kwisha, amkeni alfajiri, mtazame mashariki. Mtauona tena mtumbwi ule ule, ukilitangulia jua.