Usiache picha ya jino lako kliniki

Juzi mama mmoja alinijia shavu likiwa limevimba. Alikuwa amepigwa eksirei ya jino mwezi uliotangulia, lakini picha aliiacha kwa daktari wa meno. Ikabidi alipie nyingine.

Picha ya dijitali hutokea kwenye kompyuta kwa sekunde chache, na mionzi yake ni kidogo kuliko ya filamu. Mwombe daktari akuonyeshe. Chuma cha kuzibia jino huonekana cheupe. Palipooza huwa peusi, na weusi kwenye ncha ya mzizi huenda ukawa usaha. Uliza tatizo liko wapi kabla ya kukubali jino ling'olewe.

Kisha omba nakala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki hiyo.