Tohara, Ukeketaji au Unyago? Neno na Kisu katika Nchi ya Chai

Kila shule zifungwapo mwezi wa Desemba, walimu na machifu wengi wa Kericho na Bomet huingiwa na hofu ileile: ni wasichana wangapi watakaorudi madarasani Januari wakiwa wamepashwa tohara kwa siri? Sheria ya mwaka 2011 iliharamisha kitendo hiki kwa mtu wa umri wowote, na ridhaa ya anayekatwa si utetezi mahakamani. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000. Takwimu za kitaifa nazo zimeshuka, kutoka asilimia 38 ya wanawake mwaka 1998 hadi 15 mwaka 2022. Hata hivyo, wapo wanaojificha ili wakatwe, na baadhi yao ni wake za watu.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa ngariba. Lawama hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Msichana wa Kipsigis asiyekatwa haogopi kisu peke yake. Anaogopa pia wenzake wa rika, wifi zake na mama mkwe, ambao watamwita mtoto hata akiwa na watoto watatu. Waliotunga sheria walilijua hilo, kwani kifungu cha 25 kinaharamisha kumdhihaki mwanamke kwa sababu hakukatwa. Ni nadra sheria kufuata ulimi hadi kisimani na jikoni! Lakini ni nani atakayemshtaki shangazi yake kwa neno moja?

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Neno tohara lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni usafi. Anayesema "tohara ya wasichana" amekwisha kumhukumu asiyekatwa kuwa si safi, hata kama nia yake ni kumtetea. Wanaharakati walilikwepa neno hilo wakashika ukeketaji. Kukeketa ni kukata kwa kisu butu; neno hilo halipambi jambo, na katika sheria na hospitali ndilo linalofaa. Lakini mbele ya nyanya wa Bomet aliyekatwa ujanani kwa nyimbo na vigelegele, neno hilo humwambia kwamba yeye ni kiumbe kilichoharibiwa. Hukunja uso, akaacha kusikiliza. Je, ni ajabu?

Zaidi ya hayo, maneno yote mawili yanataja kisu tu. Kwa Wakipsigis, tumdo ni sherehe nzima: kutengwa, mafunzo, siri za utu uzima, baraka za wazee. Mzee anaposikia serikali imepiga marufuku "tohara", husikia kwamba tumdo lote limefutwa na binti zake wataachwa bila mafunzo. Ukaidi wake, kwa kiasi kikubwa, ni wa kuutetea ukumbi uliozunguka kisu.

Kiswahili kina neno la tatu ambalo halijatumiwa ipasavyo katika mjadala huu, nalo ni unyago. Zanzibar, Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliwafunda wanawali kwa miaka mingi kwa ngoma na nyimbo, na utu uzima wao haukuhitaji wembe. Kwa hiyo dai kwamba hakuna mwanamke kamili pasipo kukatwa linapingwa na lugha yenyewe. Mipango ya jando mbadala katika nchi ya chai, ambapo wasichana hufundishwa kisha wakasherehekewa na wazazi, inafanana na unyago kuliko waandalizi wake wanavyokiri. Jina "mbadala" ndilo linaloidhoofisha. Kitu mbadala ni cha kushikilia nafasi ya kile cha kweli, na hakuna binti anayetaka kuitwa mwanamke wa kushikilia nafasi.

Hapana shaka neno halitamzuia ngariba aliyekwisha kulipwa. Huyo ni kazi ya polisi. Lakini mama anayesitasita Novemba, mwenye binti wa miaka 14 na mashoga wanaomuuliza "lini?", anahitaji jibu ambalo halitamtukana mama yake mzazi.