Utiifu kwa Katiba Si Ukimya wa Muumini

Aghalabu husikika katika baraza za Kariakoo na Jangwani kwamba mtu aliyeshika dini yake barabara hawezi kuwa mtiifu kamili kwa Katiba ya Tanzania ambayo, katika ibara ya 3, yaitangaza Jamhuri kuwa nchi isiyokuwa na dini. Dai hilo halina mashiko. Kwani Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 19, imeiacha ibada katika hiari ya mtu na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi, na Rais mwenyewe huapa kuilinda hali ameshika Msahafu au Biblia. Iliyonyimwa dini ni dola, wala si raia.

Ijumaa, adhuhuri iwadiapo, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo hufunika bidhaa zake kwa turubai, akamkabidhi jirani yake Mkatoliki mkoba wa mauzo, akaenda msikitini bila wasiwasi. Walakini kuaminiana kwa majirani ni jambo moja, na raia kuiamini serikali kwamba haipendelei ni jambo jingine.

Hilo la pili lilijitokeza mapema: mwaka 1958 Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, chama kilichokuwa kikipigania uhuru, alihoji hatima ya Waislamu katika serikali itakayokuja baada ya uhuru. Akahesabiwa kuwa anachanganya dini na siasa, akafukuzwa chamani. Hofu ya waliomfukuza ilikuwa na msingi, maana mtawala Mwingereza angenufaika na mfarakano wowote. Hata hivyo, kumwondoa muulizaji hakukuliondoa swali: lilizuka tena mwaka 1968, Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki (EAMWS) ilipopigwa marufuku na Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) kuundwa, na likarejea kila Mahakama ya Kadhi, yaani mahakama ya Kiislamu ya mambo kama ndoa na mirathi, ilipojadiliwa.

Dola isiyo na dini ina haki ya kudai kiapo cha utii, na mcha Mungu, ambaye kwake kiapo ni amana, ndiye angepaswa kuwa wa mwisho kukivunja. Lakini dola hiyo, iulizwapo juu ya mgawanyo wa nafasi za elimu au vyeo baina ya watu wa dini mbalimbali, yapasa ijibu kwa hesabu zilizo wazi, pasipo kuutilia shaka uzalendo wa muulizaji. Naye muulizaji asidai upendeleo kwa dini yake, bali adai mizani moja kwa wote. Serikali inayomshuku raia kwa kuwa aliyeuliza ni muumini imekwisha kuanza kuzipima dini za watu, kazi ambayo Katiba haikuipa.